Kokwa Hazikuoza

Udongo wa uwani kwangu, Samail,
niliukuta mweupe, mgumu, umekunja uso
kama karani asiyetaka kupiga muhuri.
Jembe liligonga, likarudi na sauti ya sufuria.
Maji nikiyamwaga yalisimama juu, yakanitazama,
kisha yakaenda zao na jua, yakaacha chumvi,
mstari mwembamba kama wa jasho kwenye kanzu.

Mchicha ulichipua siku sita.
Ya saba ukajuta.

Basi nikamvizia Monirul wa manispaa,
anayenyoa nyasi na bogenvilia za barabara kuu.
Unapeleka wapi?
Jalalani, mama, kwa Kiarabu chake cha kuungaunga.
Lete kwangu.
Akalitazama lori, akautazama mlango wangu
uliopakwa rangi juzi,
akacheka. Akaleta.

Makuti makavu yaliyokatwakatwa, nyasi mbichi,
majani ya mwarobaini, samadi ya mbuzi wa shemeji,
maji kidogo ya falaji siku ya zamu yetu,
halafu makuti tena.
Jirani Shinuna akawa anatuma machicha ya kahawa,
maganda ya ndimu, na maneno.
Mume wangu Suleyyam alifunga madirisha ya upande ule:
Wenzio wanatoa taka nje, wewe waziingiza ndani,
bado kuzifukizia ubani tu.

Alfajiri moja ya Desemba lundo likafuka.
Nilitoka mbio na ndoo, nikidhani moto.
Ulikuwa mvuke.
Nikazamisha mkono hadi kiwiko,
na mle ndani mna joto la mtoto anayeumwa.
Miaka ishirini na saba wodini nimepima homa za watu;
hii ndiyo ya kwanza kuniambia: niache, napona.

Sikuiacha. Nilikuwa na pupa.
Mwezi wa tatu nikaitia kwenye bamia, bado ina vijiti,
na bamia zikageuka manjano hadi kwenye mishipa.
Mboji mbichi huomba kwanza, haijatoa.
Hilo sikufundishwa na mtu,
nililipa kwa matuta mawili.

Nikapindua. Nikanyunyiza. Nikapindua.
Kiuno changu kinajua tarehe zote.

Mwezi wa nane nikaleta chekeche la waya.
Kilichopita kilikuwa cheusi, chepesi,
kina harufu ya mvua
ambayo hapa mtu huisikia mara mbili kwa mwaka
na kuwapigia ndugu simu.
Kilichobaki juu: kipande cha bendera ndogo
ya mapambo ya barabarani, kifungo cha shati,
kijiti cha aiskrimu,
na kokwa za tende, kwa mafumba,
nzima kabisa, ngumu vilevile,
kana kwamba miezi yote ile ilipita kwa jirani.

Nikauchanganya ule weusi na ule weupe.
Nikamwaga maji.
Safari hii yaliingia bila kupiga hodi.
Wiki ya tano nikamkuta nyungunyungu,
mmoja, mwembamba, anajipinda kwa aibu.
Bonde lote hili la mawe, nani alimpa habari?

Suleyyam amekula mchicha mara mbili.
Hakuuliza umetoka wapi.
Dirisha moja liko wazi.

Jana Monirul alisimama mlangoni, hakuingia,
mkononi ndoo tupu ya rangi.
Juu ya paa la kambi yao ana pilipili,
amezipanda kwenye madebe ya mafuta, zimedumaa.
Kama mama ana kidogo tu.
Nyasi zilikuwa zako, nikamwambia,
nikaijaza hadi ukingoni, nikashindilia, nikaongeza.

Aliibeba kwa mikono miwili kama mtu mwenye maziwa.
Juu kabisa niliiona kokwa iliyonipita kwenye waya,
imetoa jino moja jeupe.
Nilitaka kumwita.
Lori likawaka.